Chupa ya Mwisho ya Asidi

Mume wangu wa kwanza alikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya Jinja. Vita vilipoukaribia mji, alikataa kuondoka kabla ya kuua ukali wa asidi zilizokuwa maabara.

Majirani zetu wa mtaa wa Wanyange walikuwa wameshafunga mizigo. Sisi Wanubi tulikuwa na haraka kuliko wote, maana Kiswahili chetu na dini yetu ya Kiislamu vilitosha kutufanya tuhesabiwe watu wa serikali iliyokuwa ikianguka. Nilimsihi twende Mbale kwa shangazi yangu.

“Kesho,” aliniambia. “Wakivunja kile chumba, mtu atadhani ni pombe anywe, au mtoto amwagikiwe. Niletee majivu yako ya jikoni.”

Nilimpelekea beseni zima. Nilimkuta nyuma ya maabara, kando ya shimo alilochimba. Asidi alikuwa ameitia polepole kwenye ndoo ya plastiki yenye maji. Alipoanza kunyunyiza majivu, ndoo ilichachamaa, povu likapanda kama maziwa yanayofurika jikoni. Niliruka nyuma, naye akacheka.

“Usiogope. Majivu ni besi, kinyume cha asidi. Yakikutana na asidi, kila kimoja kinamaliza ukali wa mwenzake. Kinachobaki ni chumvi na maji, na hiyo hewa unayoiona ikitoka.”

Alichovya karatasi ya bluu ya kupimia asidi. Ikageuka nyekundu. Akaongeza majivu, akachovya nyingine, nayo ikabaki bluu. Hapo ndipo alipomwaga shimoni. Nilimtazama akifanya hivyo asubuhi nzima, nikimhimiza, naye akiniambia bado kidogo.

Ilikuwa imebaki chupa moja lori la jeshi la serikali, lililokuwa likikimbia, lilipoingia uwanja wa shule. Mwanajeshi mmoja alishuka na betri mkononi.

“Mwalimu, betri yetu iko kavu. Hiyo ni dawa ya betri?”

“Ndiyo, afande, lakini ni kali mno. Lazima ichanganywe na maji kwanza.”

Yule mtu hakungoja. Alichukua jagi la maji akataka kuyamimina moja kwa moja ndani ya chupa. Mume wangu alimrukia, akamkamata mkono.

“Usitie maji ndani ya asidi, afande! Itachemka ikurukie machoni. Unatia asidi kwenye maji, kidogo kidogo.”

Nilidhani atapigwa risasi kwa kumshika askari. Askari alimtazama tu, kisha akaweka jagi chini.

“Kumbe unajua hii kazi. Changanya, halafu panda gari. Huko mbele iko magari mengine.”

“Mke wangu yuko hapa, bwana.”

“Utarudi.”

Alipanda na chupa yake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Lori lilishika barabara ya Mbale. Mara nyingi nimewaza kwamba angenyamaza, askari angeungua, naye angebaki. Kisha namkumbuka alivyokuwa, najua asingeweza kunyamaza.

Nilimfuata hadi Mbale. Kila niliyemuuliza alisema magari yale yalipita kuelekea kaskazini. Nilikaa hapo hapo Mbale, mtaa wa Namatala, kwa shangazi. Sabuni ilikuwa haipatikani, basi tukachoma maganda ya ndizi, tukachuja maji ya majivu yake, tukayachemsha na mafuta ya mbegu za pamba. Sabuni yetu ilikuwa nyeusi na ilichubua mikono, lakini watu waliipenda. Tulikula kwa kuuza sabuni hiyo miaka yote ya shida.

Habari zilikuja kwamba wote waliokuwa kwenye magari yale wamekufa, na hatimaye shehe aliniambia nimengoja vya kutosha. Niliolewa na fundi cherehani, mtu mpole, nikamzalia binti.

Binti alikuwa anatambaa siku mume wangu wa kwanza aliposimama mlangoni. Alikuwa amekonda, na nywele zimeingia mvi. Alikuwa Sudan, akitengeneza betri za malori ya watu, hana njia ya kurudi wala ya kutuma habari.

Alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

“Wako?”

“Wangu.”

“Mashaallah,” alisema.

“Walisema mmekufa wote,” nilimwambia. “Nilingoja, Mwalimu.”

“Najua. Ningekusikiliza siku ile, tungefika hapa pamoja.”

Nilimwomba akae nimpikie chai. Alisema basi la Jinja linakaribia kuondoka, ingawa tulijua sote kwamba mabasi yalikuwepo hadi jioni. Binti alimshika suruali. Alimwinua, akamweka begani kitambo, akanirudishia.

Alirudi kufundisha Jinja. Nilisikia hakuoa tena. Jioni ya siku ile aliyokuja, mume wangu fundi aliporudi kutoka dukani nilimweleza yote. Alisema ningemzuia mgeni hadi yeye afike, ili wale chakula pamoja. Nililia hapo, kwa sababu wote wawili walikuwa watu wema, wala sikuwa na wa kumlaumu.