Treni ya Kumfuata Baba

Nisikilize, ndugu yangu. Juzi, stesheni moja hapa London, walisherehekea treni ya mvuke iliyovunja rekodi ya mwendo. Harufu ya makaa ikanirudisha kwenye sherehe kama hiyo ya utotoni, hapa hapa London.

Mama alikuwa ameniambia, "Baba kapanda treni, atarudi." Kipaza sauti kiliposema hakuna treni ya mvuke iliyoishinda hii kwa kasi, nilichomoka, nikaing'ang'ania suruali ya dereva.

"Anko, tumfuate baba yangu! Washa sasa hivi!"

Akacheka, akanivika kofia yake.

"Mama, mwambie! Baba anazidi kwenda!"

Mama aligeuka, akajifuta macho kwa kanga. Nilikuja kujua ukubwani kwamba asubuhi ile watu wa uhamiaji walimrudisha baba Dar kwa nguvu, tena kwa ndege.

Mtoto akikuuliza mzazi wake yuko wapi, chuchumaa, umwambie ukweli.