Nilivyoishusha Pikipiki ya Ndugu Yangu

Mimi ni mtu wa wivu. Nasema hivyo mapema ili msomaji asinitafutie visingizio. Wivu wenyewe una mtu mmoja tu, ndugu yangu wa kulelewa. Tulikuwa na miaka saba wakati mama yangu alipomkuta peke yake sokoni Bwera, siku watu wengi walipovuka mpaka wakikimbia vita upande wa Beni. Alimshika mkono, akamleta nyumbani, na chakula kilipoiva akampa sahani yangu, ya bati yenye ua jekundu. Sijarudishiwa sahani ile mpaka leo.

Alibaki Mkatoliki ndani ya nyumba ya Waislamu. Kila Jumapili mama alimpeleka hadi mlango wa kanisa, shati lake limepigwa pasi. Mimi nilikwenda madrasa na shati lenye mikunjo. Nikilalamika, mama alisema mimi nina mama, yule hana. Basi nikawa naumia kimyakimya, maana mtoto atajibu nini hapo?

Tulipokua, yeye alibaki Bwera akiuza vitenge vinavyotoka Butembo. Mimi nikahamia Kasese, nikawa nasafirisha samaki wa ziwani, wa Kahendero na Hamukungu, kwa pikipiki ya mizigo. Nilijenga nyumba, na kwa miaka mitatu nilimsihi mama aje aione. Kwanza alisingizia magoti. Nilipompelekea dawa ya magoti, alisema pikipiki yangu inanuka samaki na yeye hawezi kufika kwa mtu akinuka.

Halafu ndugu yangu akanunua pikipiki ya michezo. Alikuja nayo kwangu Jumanne asubuhi, nyekundu, kichwa chini na mkia juu kama beberu anayetafuta ugomvi. Majirani walitoka kutazama. Alipofika getini alitaka kusimama, akatafuta ardhi kwa ncha ya kiatu, akaikosa, na ukuta wangu ndio uliomwokoa. Ndugu yangu ni mfupi. Nilifurahi sana, nikaificha furaha yangu kwa kukohoa.

"Yaya, iko juu sana," alisema akipangusa vumbi begani; yaya kwao ni kaka. "Batu ya Bwera banacheka. Unishushie, wewe unajuaka hii kazi."

Nilimwambia ashuke niipime. Nilikaa mimi, na visigino vyangu vyote viwili vikagusa chini bila taabu. Nilikawia pale juu kuliko kipimo kilivyohitaji. Nilijiona mzuri, na niliona wazi kwamba ile ilikuwa pikipiki yangu ambayo Mungu alimpa mtu mwingine kwa makosa.

Tuliifanyia kazi uani. Niliinua nyuma kwa jeki na magogo, nikafungua vile vipande viwili vya chuma vinavyounganisha shokapu na mkono wa gurudumu. Vikiwa virefu zaidi, mkia unashuka. Nilikata vingine kutoka kwenye bapa nene la chuma, nikatoboa matundu. Mbele nililegeza vibano chini ya usukani, nikapandisha mabomba ya shokapu kidogo kila upande. Nilifupisha hata stendi ya pembeni, maana pikipiki iliyoshuka huangushwa na stendi ndefu. Kazi ilikuwa safi. Naijua kazi yangu.

Sisi wasafirishaji wa huku tuna desturi moja. Pikipiki haipimwi tupu, kwa sababu hapa kwetu pikipiki haiendi tupu. Kabla ya kukaza nati ya mwisho unapakia gunia nyuma, unakaa mbele, kisha mtu anaingiza vidole kati ya tairi na madigadi. Vikiingia vitatu, kaza. Visipoingia, siku utakayobeba mtu tairi litakwaruza, na ukiwa kwenye mteremko linaweza kukamata ukaenda chini.

Gunia la maharage lilikuwa ukumbini, hatua sita kutoka nilipopiga magoti. Nililitazama. Ndugu yangu alikuwa amekaa juu, visigino chini, anacheka kama alivyocheka siku alipopewa ile sahani.

"Hapo, hapo! Usiguse tena!"

Nilijua nimeshusha mno, kwa vidole viwili hivi. Nikakaza nati. Nilijiambia kwamba hana mke, hambebi mtu, anapanda ili aonekane. Siku moja atafunga mzigo wa vitenge, tairi litakwaruza, atarudi kwangu kichwa chini. Hilo ndilo nililolitaka, arudi ameaibika. Aliniachia asante nyingi, nami nikazipokea.

Ijumaa asubuhi mama alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya msichana.

"Mwanangu, leo mimi nakuja kwako. Ndugu yako nachukua mimi na ile pikipiki yake mpya. Sasa iko chini, magoti yangu naweza panda."

Nilikata simu. Nilimpigia ndugu yangu mara tano, hakupokea. Niliwasha pikipiki yangu na kreti za samaki zikiwa bado zimefungwa nyuma. Kwenye njia panda ya Kikorongo nilipinda kulia bila kupunguza mwendo, na kila pikipiki iliyokuja mbele yangu niliisoma rangi kwanza. Nilikuwa naongea peke yangu kwa sauti. Nilikuwa namwomba Mungu anicheleweshee hukumu mpaka nifike Bwera.

Niliwakuta mlangoni kwa mama. Alikuwa ameshapanda, mtandio wa kijani umefungwa vizuri chini ya kidevu, mikono yake kiunoni kwa ndugu yangu. Nilishuka na kwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma, nikachuchumaa, nikaingiza mkono. Vidole vitatu viliingia, na nafasi ikabaki.

Niliinua macho. Ndugu yangu alikuwa ananitazama. Aliinama kama anayekagua mnyororo, akaongea chini chini.

"Nilipimaka na gunia, yaya, sawa vile wewe unafanyaka. Ilikuwa inakwaruza. Fundi wa hapa akatoboa matundu ingine." Aligusa mnyororo. "Mama hajue kitu."

Basi alijua kwamba nilimwachia kasoro makusudi. Na kipimo chenyewe alikipata kwangu, miaka ile nilipoanza kazi, alipokuwa akija kunishikia gunia.

"Ndugu yako nasema wewe ndio tengeneza yote," mama alisema kutoka juu. "Yeye nasema wewe nashusha kwa sababu ya magoti yangu. Asante, mwanangu."

Nilifungua mdomo kumwambia ukweli. Ndugu yangu akawasha injini.

Niliwafuata hadi Kasese na harufu yangu ya samaki. Njia nzima nilitazama nafasi ile juu ya tairi, na nisiseme uongo, sikuona shukrani tu moyoni. Niliona wivu mpya. Alikuwa na pikipiki, alikuwa na mama mgongoni, na sasa alikuwa na siri yangu ambayo hakutaka hata kuitumia.

Mama aliikagua nyumba yangu chumba kwa chumba, akigusa kuta kwa kiganja. Aliona chumba changu na mke wangu, akaona cha watoto, akaona chake, ambacho nilikuwa nimekitandika kwa miaka mitatu. Kisha akasimama katikati ya ukumbi.

"Na chumba ya ndugu yako iko wapi?"

Ndugu yangu alitazama sakafu. Niliijenga nyumba ile tofali kwa tofali, na sikumfikiria hata mara moja. Nikafungua stoo na kuanza kutoa magunia.