Vanila ya Mama na Tao la Kamanda

Vanila ni okidi, na ua lake hufunguka asubuhi moja tu. Adhuhuri limelegea, usipolichavusha kwa mkono kabla ya hapo, linadondoka na hakuna tunda. Naanza na hilo kwa sababu yule jirani yetu alilijua.

Waasi walikuwa wanatawala Beni, mashariki mwa Kongo, nasi tulikuwa na shamba dogo upande wa Mulekera. Kahawa ya baba ilikauka kwa ugonjwa, na baba akafa ikiwa bado imesimama bila majani. Mama aliing'oa, akapanda vanila. Hatukuwa na zao jingine la kupeleka kwa wanunuzi wa Butembo, na mwaka ninaousimulia ndipo ilipochanua kwa mara ya kwanza.

Alianza na miti midogo ya kuegemea, maana vanila haitaki jua kali wala giza. Mizizi aliifunika kwa majani makavu, na jembe lilipigwa marufuku hapo. Mmea ulipopita urefu wa mkono wake aliukunja urudi chini, la sivyo ungekimbilia kileleni na maua yasingefikika. Ilikuwa miaka ya kukunja na kufunika, risasi zikisikika au zisisikike.

Kishada kimoja hubeba maua mengi, leo linafunguka hili, kesho lile. Mama alitumia mwiba wa mchungwa: anapasua ua ubavuni, anainua kiwambo kidogo kinachotenganisha dume na jike, anavibana kwa kidole gumba. Shefu, yaani mkuu wa mtaa, jirani yetu na mzee wa kanisa letu, naye alikuwa na vanila, lakini aliyararua maua kila alipojaribu, na mkewe, ambaye angemsaidia, alikuwa ametoka kujifungua. Kwa hiyo alimwomba mama apite kwake kila asubuhi akimaliza kwetu, na mama alipita.

Siku moja ikaja amri ya waasi kwamba kamanda wao angepita na barabara ijengewe tao la maua. Shefu hakuwapeleka askari kwake. Aliwaleta kwetu, mama akiwa na mwiba mkononi.

Mama aliwaeleza kwamba kukata kishada ni kukata hata maua ambayo hayajafunguka. Askari mmoja alicheka, akauliza kwa Kilingala kama sisi tunakula maua. Shefu alikuwa anatazama uzio.

"Acha babebe, mama," alisema. "Ni maua tu."

"Na ya kwako?"

"Ya kwangu hapana mingi."

Walikata kwa visu, wakaburuta na mimea.

Tulipangwa barabarani tuimbe. Kamanda tuliyeambiwa atafika asubuhi alipita alasiri, vioo vya gari vimefungwa. Kwenye tao majani ya michikichi yalikuwa bado mabichi, na maua yetu yananing'inia kama vitambaa vilivyolowa, rangi ya chai nyepesi. Mita chache kutoka hapo, bogenvilia nyekundu ilikuwa imefunika ukuta mzima, haina mwenyewe wa kuililia. Hakuna aliyeigusa. Hasira yangu ilianzia kwenye ukuta ule na haijaondoka.

Kesho yake shefu alisimama kwenye uzio mapema. Mama alikuwa amemaliza vishada vichache vilivyosalia nyuma ya miti, ameketi anamenya mihogo. Shefu aliongea habari za mvua, kisha za mtoto.

"Jua inapanda, mama," alisema mwishowe.

"Ni maua tu, papa shefu."

Aliondoka. Jioni nilichungulia: chini ya vanila yake maua yalikuwa yametapakaa, mengine yamechanika.

Asubuhi iliyofuata alikuja mkewe, mtoto mgongoni. Mama alinawa mikono, akachukua mwiba, akaenda naye. Nilimuuliza aliwezaje kwenda. Alijibu kwamba yule mwanamke hakuleta askari. Mimi sikumsindikiza, siku hiyo wala zilizofuata.

Vanila yetu ilipokauka iliingia kwenye bakuli moja. Ya shefu ilisafiri Butembo kwenye lori, na sehemu ndogo aliileta kwenye ibada ya mavuno, imefungwa utepe. Mchungaji aliinusa, akaisifu bidii ya mzee wetu, akatuomba tusimame kumshukuru Mungu.

Mama alisimama, akaimba. Mimi nilibaki nimeketi.