Vyura wa Mlimani

Kwetu Biryogo, mtaa wa Kigali, mtu hatoki nje bila kujipaka mafuta. Mama alitukagua mlangoni, mikono, viwiko, magoti, na aliyepauka alirudishwa ndani, kwa sababu ngozi kavu ilimtangaza mama yake mtaa mzima kwamba hajui kulea. Nilipopata kazi katika maabara ya shule moja ya sekondari upande wa Kagarama, mwaka 1991, nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, na bado kila asubuhi nilijipaka mpaka nang'aa. Nilijiona nadhifu kuliko walimu wote wa pale, na sikulificha jambo hilo.

Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kupanga chupa na kumsaidia mwalimu wa baiolojia. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye koti moja la kahawia na subira isiyoisha. Wazazi wake walikimbilia Burundi zamani, wadogo zake wakazaliwa huko. Yeye alibaki Rwanda kwa shangazi yake. Kitambulisho chake, kilichoandikwa kabila lake, kilikuwa kimemfungia milango mingi ya masomo hapa nchini. Uliobaki wazi ulikuwa mmoja. Profesa wa Ulaya aliyewahi kupita shuleni kwetu alimwahidi nafasi ya chuo, kwa sharti kwamba amtumie utafiti wake mwenyewe, hata mdogo, wenye jambo jipya ndani yake. Akifaulu, angeondoka Septemba 1993.

Utafiti aliouchagua ulihusu ngozi ya chura. Wenzetu shuleni walimcheka, maana kwetu igikeri, yaani chura, ni mdudu wa kufukuzwa kwa ufagio, si wa kupimwa. Mimi pia nilimcheka, mpaka siku aliponieleza.

"Chura hana ngozi kama yetu, dada," alisema. "Anapumua na ngozi, anakunywa maji na ngozi. Kule juu mlimani hewa iko kidogo, baridi iko mingi, jua inachoma. Lazima ngozi yake ifanye kitu."

Aliamini kwamba chura wa aina ileile moja, akiishi juu kabisa, atakuwa na ngozi nyeusi zaidi, ya kuvuta joto na kujikinga na jua, na kwamba mishipa yake midogo ya damu itakuwa imesongamana karibu na uso wa ngozi ili isipoteze hata hewa kidogo. Alitaka kumlinganisha na ndugu yake wa bonde la Bugesera. Chura alifungwa kwa kitambaa kibichi, utando wa mguu wake ukatandazwa chini ya hadubini, na mwalimu akahesabu mishipa damu ikiwa bado inatembea. Kwa hiyo ilibidi awe hai. Wa Bugesera tuliwapima mwishoni mwa 1992 bila tabu.

Wa mlimani waliletwa kutoka kaskazini Januari 1993 na dereva wa lori la majani ya chai. Walikuwa kumi na wawili, ndani ya chungu kilichojaa majani mabichi. Siku hiyo mwalimu alikuwa ameitwa kwenye mkutano wa siku mbili nje ya mji, kwa hiyo niliwapokea mimi kituoni Remera, nikawapeleka maabara. Alikuwa ameniachia agizo moja, nalo alilirudia mara mbili: "Unawe na maji tupu. Hapana sabuni, hapana mafuta. Kitu unapaka kwa mkono, chura anakinywa."

Nililisikia. Ila nilikuwa nakwenda Remera, kwenye watu, na sikuwa tayari kusimama kituo cha basi na mikono iliyopauka kama ya mtu aliyetoka kufinyanga. Nilijipaka kama kawaida, tena yale mafuta ya kunukia. Nilipofika maabara nilisuuza mikono kwa maji harakaharaka, nikajiambia inatosha, nikawatoa mmoja mmoja na kuwaweka kwenye beseni. Walikuwa weusi kweli, na ngozi zao zililegea ubavuni. Juu ya maji ulitanda utando wa mafuta wenye rangi kama za upinde wa mvua. Niliuona. Nikaenda kula.

Niliporudi saa tisa, wanne walikuwa wamelala chali. Kufika saa kumi na moja hakukuwa na hata mmoja anayetikisa mguu. Nilimwaga maji, nikaweka mengine, nikawapepea kwa daftari, nikalia. Huenda ni joto la Kigali, huenda ni safari. Nimejipa sababu hizo kwa miaka mingi na hakuna siku nimeziamini.

Kesho yake nilikwenda Gahanga, kwa mama yangu mdogo aliyekuwa akilima bondeni, si mbali na Bugesera. Nilimwambia shule inataka vyura, naye akanishangaa lakini akanisaidia. Tulikamata kumi na wawili wa aina ileile. Niliwaweka kwenye chungu kilekile, nikakifunika na kukiweka kwenye pembe yenye baridi, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwa mwalimu mwenyewe kwamba chura akikaa gizani na baridini ngozi huwa nyeusi. Mikono yangu safari hii ilikuwa mikavu kama jivu. Wale waliokufa niliwafukia nyuma ya jiko la shule.

Mwalimu alirudi, akafunua chungu, akatabasamu kama mtoto. Nilikuwa na maneno mdomoni. Lakini kama angejua kwamba nimevunja agizo angeweza kunifukuza, na mshahara wangu ndio uliokuwa unatulisha, mimi na Mama. Huo ndio ukweli mmoja. Ukweli wa pili ni aibu: alikuwa amezoea kuwaambia wanafunzi waige usafi wangu, na mimi nilipenda kusikia.

Alihesabu mishipa kwa siku tatu. Siku ya tatu alikaa muda mrefu bila kuinua jicho kutoka kwenye hadubini.

"Iko sawasawa," alisema mwishowe. "Mishipa ya huyu na ya wale ya Bugesera, iko sawasawa."

"Labda tutafute wengine, Mwalimu," nilisema. Nilifikiri ningeweza kulirekebisha kosa bila kulitaja.

Alimtumia dereva ujumbe. Lakini Februari vita viliwaka tena kaskazini, barabara ikafungwa, na watu wa huko wakaanza kumiminika Kigali na magodoro kichwani. Nani angemwomba mtu chura wakati huo?

Mtu mwingine angezipindisha hesabu kidogo. Yeye aliandika alichokiona. Alisimama mbele ya darasa, akasema kwamba mwanasayansi anapokosea husema nimekosea, na kwamba vyura wamemsahihisha. Nilikuwa nyuma ya darasa nikipanga chupa za dawa, na nilizipanga upya mara mbili ili nisigeuke. Mei ikaja barua ya Ulaya, ya heshima sana: kazi ilifanywa kwa uangalifu, lakini hakukuwa na jambo jipya, nafasi amepewa mwingine, ajaribu tena mwaka unaofuata.

"Mwaka ujao iko karibu," aliniambia mimi, kunifariji, maana aliniona nimenuna.

Septemba ilifika na kupita, naye akabaki na koti lake la kahawia, akifundisha. Nilijiwekea siku ya kumwambia. Kwanza ilikuwa Krismasi. Kisha nikasema baada ya likizo ya Pasaka ya 1994, shule itakapofunguliwa.

Mauaji ya kimbari yalipoanza, mimi majirani walinificha Biryogo, nikapona. Yeye aliuawa Aprili, wiki ileile ya kwanza ya mauaji, nyumbani kwa shangazi yake.

Desemba mwaka huohuo mdogo wake wa kike alitoka Bujumbura, akanitafuta. Alikuwa na macho yaleyale ya upole. Nilimpa daftari la utafiti, akalifungua, akapitisha kidole juu ya hesabu za kaka yake.

"Alituandikiaga kama ataenda Ulaya," alisema. "Tulimungojea atutumie picha. Walimukatalia juu ya nini, dada?"

Hapakuwa na wa kunifukuza tena, wala mwanafunzi wa kuambiwa aniige. Hata hivyo nilimwambia kwamba vyura wa mlimani na wa bondeni hawakuonyesha tofauti.

Alilifunga daftari.

"Basi ni juu ya vyura tu," alisema.

Nikamwambia ndiyo.