Chupa ya Mpiga Pasi

Itangazwe kwa wataalamu wote wa sanaa, walio hai na waliokwisha kukauka, kwamba fumbo lililowatoa jasho kwa zaidi ya karne limefumbuliwa mjini Brussels na Kahambu, mzaliwa wa Butembo, mpiga pasi wa mtaa wa Saint-Josse, akiwa amevaa viatu vya kuazima.

Hakwenda kufumbua kitu. Binti yake, Mignonne, alikuwa anajaribiwa kazi ya kuongoza wageni katika jumba la makumbusho, na aliruhusiwa kuja na mgeni mmoja. Njiani alimpa mama yake masharti.

"Maman, usiseme kitu. Hata kukohoa."

"Bon. Nitakuwa kama kabati."

Akawa kabati kweli, akipita mbele ya picha za makahaba na wafuaji nguo wa karne ya kumi na tisa, na wanawake wakioga kwenye beseni huku Mfaransa mwenye brashi akiwachungulia. Alisikitika tu kwamba hakuna aliyewafungia mlango.

Wakafika kwa mpiga pasi: mama mnene, anapiga miayo, chupa mkononi.

"Chupa hii inatuambia nini?" aliuliza mkurugenzi wa jumba, bibi mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani.

Mignonne alikuwa amekariri: divai, unyonge, wanawake maskini wa Paris waliokata tamaa. Alipotamka tu "divai", kabati likacheka.

"Maman," akanong'ona, "kazi yangu inapotea."

"Divai gani? Angalia kifuniko, kiko na matundu. Ile ni mayi ya kunyunyizia mashati. Hata miye niko nayo, ya chupa ya limonade. Na huyu mama hana huzuni, anangojea pasi ipate moto."

"Mama anasemaje?" mkurugenzi akauliza.

Mignonne angeweza kudanganya. Akaitazama picha: matundu yalikuwepo, matano. Akatafsiri yote, pamoja na limonade.

Mkurugenzi akasogea, akavaa miwani zote mbili. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Nimeandika kurasa mia nne juu ya divai hiyo," alisema akifuta machozi. "Mademoiselle, unaanza Jumatatu. Na mama yako aje kila Jumamosi awaeleze watu habari za wanawake hawa. Mwambie sanaa inamhitaji."

Mignonne akatafsiri kwa furaha.

Kahambu akafikiri kidogo.

"Samedi siwezi. Ni siku ya mashuka."