Laini Iliyokatwa Haijaaga

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa kijana, nafanya kazi ya sufuria kubwa kwenye kiwanda cha sabuni, upande wa viwanda pale Mbale. Koki ya mvuke wa kuchemshia hatukuishika sisi. Iliendeshwa na kompyuta ndogo ukutani, nayo ilipokea amri kutoka ofisi ya Jinja: fungua, subiri, funga.

Laini ya Jinja ilikuwa na tabia ya kukatwa ghafla. Ikikatwa, mfumo wa kompyuta uliiambia programu ya koki hivyo hivyo, na programu ikafunga mvuke. Kazi ikasimama. Meneja wetu, Kirunda, akachoka na kusimama huko. Akamwita Wasswa, fundi wa kompyuta, naye akaingia kwenye kodi, yaani maandishi ya amri za kompyuta, sehemu ya mtandao ndani ya mfumo wenyewe, akaigeuza: mkato wa ghafla uhesabiwe kana kwamba Jinja imemaliza salama. Majina yao nayaandika bila haya.

Mama Aisha, aliyemfundisha Wasswa kodi kule Mpumudde, Jinja, alikuja kuitazama kazi. Alisoma aliyoyaandika Wasswa.

“Wasswa, anayemaliza kusema anaaga. Aliyezibwa mdomo haagi. Mbona wote unawaandikia wameaga?”

“Mama, kiwanda hakisimami tena. Si ndiyo kazi?”

“Na hawa vijana wa sufuria?”

Kirunda akacheka. “Hao wanapenda joto, mama. Mbale ina baridi.”

Wiki hiyo hiyo laini ikakatwa baada ya “fungua”. “Funga” haikufika. Programu ikaambiwa Jinja imemaliza, ikatulia, koki ikabaki wazi. Sufuria ilitufurikia. Mwenzangu Musa alikufa. Mimi nilibaki na mkono mmoja wa kufaa. Kirunda alisema ni umeme. Wasswa alinyamaza, leo ana duka Jinja.

Baadaye Mama Aisha alinifundisha kodi, mimi niliyeishia darasa la nne. Basi sikia, wewe unayeandika kodi kama mimi. Mkato ukifika, hakikisha kwanza ni wa laini hiyo kweli, na usiujibu kwa mkato mwingine. Ziamshe programu zote zilizolala zikisubiri data, ziambie wazi kwamba zimekatwa, kisha achia kumbukumbu ya kompyuta uliyoishikilia kwa ajili ya laini hiyo. Programu itaamua yenyewe, ila iamue ikijua. Bosi akikuagiza ufiche kosa kwa sababu linamsumbua, kataa, hata kama kibarua kitaota nyasi.

Mungu akutunze, mwanangu, awatunze na wanaotegemea kodi unayoiandika, ambao hutawaona kamwe.