Kinachokwenda na Kurudi

Neno lenyewe lilikuwa swing. Nilikabidhiwa Jumatatu ili nilifundishe Ijumaa.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kutuingia hata huku kwetu. Pamba, ambayo tangu nizaliwe ilinunuliwa na ushirika peke yake, ilianza kununuliwa na watu wenye malori yao. Mitumba ilijaa mnadani. Na pale Binza, mjini Maswa, mama mmoja mwalimu mstaafu akafungua shule ya chekechea ya Kiingereza. Sisi tuliosoma kwa kuchapwa viboko tangu darasa la kwanza, na bado tukitamka good morning ulimi unateleza, tulishangaa: watoto wa miaka minne, Kiingereza! Nilishangaa wiki nzima, kisha nikaenda kuomba kazi.

Cheti cha ualimu sikuwa nacho. Nilikuwa na matokeo ya kidato cha nne ambayo hayasemeki mbele za watu, isipokuwa somo la Kiingereza, ambalo nililipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Madam, maana ndivyo tulivyotakiwa kumwita yule mama, alinipa wiki moja ya majaribio. Kila siku neno moja. Ijumaa wazazi wangekuja kuiona bembea mpya ya chuma iliyoletwa kutoka Mwanza, na mimi ningewafundisha watoto jina lake mbele yao. Nikifaulu, kazi yangu. Nikishindwa, kulikuwa na binti mwingine mwenye cheti anayesubiri, na Madam hakuona aibu kunionyesha barua yake. Aliongeza sharti moja: Kisukuma kinaishia getini. Ndani ni Kiingereza tu, na mwalimu ndiye wa kwanza kupimwa.

Niliitaka sana kazi ile. Nisingeipata, ningebaki kijijini kwetu Sola kushika jembe, na jembe nililijua vizuri mno.

Nilikuwa na kamusi. Niliinunua mnadani Bariadi, kutoka kwenye rundo la mitumba, katikati ya sidiria na viatu visivyo na wenzake. Haikuwa na jalada na ilianzia katikati ya herufi B, hivyo maneno ya A hadi leo nayaonea mashaka. Lakini S ilikuwepo yote. Jumatatu jioni nikaifungua nikitegemea mstari mmoja tu: bembea, basi. Nikakuta neno moja limekula karibu nusu ya safu.

Bembea ilikuwemo, ndiyo. Lakini pia mikono ya mtu anayetembea. Mlango unaofunguka kwenye bawaba. Ngumi inayorushwa. Gari linalokata kona ghafla. Mtu aliyefurahi asubuhi na kununa mchana. Kura zinazohama chama hiki kwenda kile, jambo ambalo siku zile na sisi tulikuwa tunaanza kulisikia. Mwisho wa yote, aina ya muziki. Nilikaa nimeinama juu ya ukurasa ule mpaka shingo ikakakamaa. Neno gani hili lisilotosheka? Mtu mwenye akili angechukua maana moja, ile iliyochimbiwa pale uwanjani kwa saruji, akalala. Lakini mimi ni mchokonozi tangu utotoni, na kitu nisichokielewa kinaniwasha.

Jumatano asubuhi, kabla sijapanda baiskeli kwenda Binza, nilimkuta mama ameketi uani, miguu ameinyoosha, kibuyu cha maziwa kiko mapajani. Alikuwa anayasukasuka ili apate siagi, na kazi hiyo huifanya kabla jua halijakuwa kali. Mama hakwenda shule. Nikamuuliza kwa Kisukuma, "Mayu, hapa nyumbani ni vitu gani vinavyokwenda na kurudi?"

"Baba yako," akajibu bila kuinua uso.

"Nauliza vitu."

"Mkia wa ng'ombe. Ungo. Mkono wa mtu anayepalilia." Akafikiri kidogo. "Na hereni za shangazi yako akiwa anasema uongo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia kwamba Wazungu wana neno moja linaloweza kuvichukua vyote hivyo, na baba pengine pia. Hakushangaa. Alitaka kujua jambo moja tu: hilo neno lao linasema kitu kinakwenda na kurudi ili iweje? Nikamwambia halisemi. "Basi halijamaliza," akasema. "Mkia unafukuza nzi. Ungo unatoa pumba. Hiki nacho, sikiliza."

Nikasikiliza. Mwanzoni maziwa yalikuwa yanapiga chwa, chwa, kama maji tu. Baada ya muda sauti ikawa nzito, halafu ikaanza kugonga, kama kuna kitu kidogo kimo ndani kinatafuta pa kutokea. Nilikuwa nimesikia sauti ile maisha yangu yote, na asubuhi ile ndiyo nilikuwa naisikia. Akanipa kibuyu nijaribu. Nikakitikisa kwa nguvu, nina haraka ya baiskeli.

"Unapigana na nani, ng'wana wane?" akaniuliza. "Mlaze. Umpeleke, umrudishe. Mfanye kama mtoto."

Nilifika Binza nimechelewa, na Madam akaandika kitu kwenye daftari lake.

Ijumaa ilifika. Wazazi walikaa kwenye viti vilivyoazimwa kanisani: wanunuzi wa pamba, nesi mmoja, wenye maduka, na mama mmoja muuza mchele ambaye nilikuwa nimesalimiana naye nje ya geti, mwangaluka mayu, huku mwanawe wa kike akitutazama kwa zamu. Mtoto huyo alikuwa mdogo kuliko wote na alianza shule wiki ileile. Tangu Jumatatu hakuwa amesema neno lolote kwa lugha yoyote.

Nikasimama kando ya bembea, nikasema, "Swing." Watoto wakaitikia, "Siwingi!" Wazazi wakapiga makofi. Kwa upande wangu ningeishia hapo. Madam akamwonyesha kidole yule mdogo, akasema aketi yeye wa kwanza.

Mtoto alishika nguzo kwa mikono miwili, akang'ang'ania. Nilimbembeleza kwa Kiingereza, kitu ambacho nakiri hakina utamu kwa mtu asiyekijua. Midomo ikaanza kumtetemeka. Madam alikuwa ananiangalia mimi, wala si mtoto. Basi nikaketi mwenyewe kwenye bembea. Sikuwahi kukalia bembea tangu nizaliwe, na minyororo ilipolia niliishika kwa nguvu. Nikamvuta yule mtoto taratibu, nikampakata mapajani, nikaacha visigino vyangu ardhini. Nikampeleka, nikamrudisha. Polepole. Nikampeleka, nikamrudisha. Nilihisi mgongo wake ukilegea juu ya kifua changu.

Halafu akacheka. Akageuza uso wake kuniangalia, na kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma akaniuliza kwa Kisukuma, "Ticha, unanisukasuka kama maziwa. Siagi imeshatoka?"

Mama yake alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyesikia mwanawe akizungumza. Wazazi wawili watatu nao wakacheka. Nilitaka kucheka. Jibu lilikuwa mdomoni tayari, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha ambayo sijui kama niliwahi kuipata tena darasani, maana mtoto yule, bila kamusi, alikuwa ameona mwenyewe nilichohangaika nacho wiki nzima.

Nikamwangalia Madam. Madam hakuwa amecheka.

"Speak English," nikamwambia mtoto.

Aliniangalia. Alijua kwamba nimemwelewa. Saa moja tu iliyopita alikuwa amenisikia nikisema lugha ya kwao. Alisubiri kidogo, labda akidhani natania. "Say swing," nikasema. Kicheko cha mama yake kikakatika. Mtoto akageukia mbele, akasema "siwingi" kwa sauti ndogo, na watu wakapiga makofi. Mama yake pia alipiga, akiangalia chini.

Kazi niliipata siku ileile. Madam alinipa mkono, akasema amependa nilivyosimamia sheria. Nilipofika nyumbani mama alifurahi sana. Akaniuliza watoto walisemaje kuhusu lile neno, nikamwambia walilisema vizuri.

Yule mtoto nilimfundisha mpaka mwisho wa mwaka. Hakuwa mzito hata kidogo. Kila neno nililompa alilishika na kulirudisha kama nilivyolitamka, na kwenye mitihani alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Ila swali hakuniuliza tena.